Siku tano na farasi katika makorongo ya Gila: namna nyasi na maji vinavyopanga safari

Mtandika Baghala (New Mexico), mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Katika uzi wa mwezi uliopita kuhusu kupiga kambi nilisema kwamba kwa anayesafiri na farasi, hema na chakula cha watu ndiyo mambo madogo kuliko yote, na wachangiaji wawili wakaniomba nifafanue. Nimeishi kusini mwa jimbo la New Mexico, Marekani, kwa miaka tisa, na katikati ya Septemba iliyopita nilifuatana kwa mara ya tatu na jirani yangu, mzee mfugaji aliyepita miaka sabini, pamoja na mpwa wake, kwa siku tano ndani ya pori la Gila. Mimi si mtaalamu. Ninaandika kama mwanafunzi aliyekwisha kosea vya kutosha kujua wapi wengine watakosea.

Kwanza mahali penyewe. Gila ni jina la mto, la msitu wa taifa, na pia la sehemu ya msitu huo iliyotengwa mwaka 1924 ili isipitishwe barabara wala kujengwa makazi. Aliyesukuma uamuzi huo ni Aldo Leopold, aliyekuwa ofisa wa idara ya misitu ya nchi hiyo, na eneo hilo hutajwa kuwa la kwanza duniani kupewa hadhi ya namna hiyo, miaka 40 kabla Marekani haijatunga sheria ya mapori ya aina hii mwaka 1964. Leo lina takriban hekta 226,000. Ndani yake haliingii gari, pikipiki, baiskeli wala msumeno wa injini, na mti ukianguka njiani wafanyakazi huukata kwa msumeno wa kuvutana watu wawili, kama mafundi wa mbao wa zamani. Kinachobaki ni miguu yako au ya mnyama.

Wengi huita sehemu hizi jangwa, lakini neno hilo lisiwapotoshe. Hakuna matuta ya mchanga. Chini, penye kimo cha mita 1,700 hivi, kuna mipungate, vichaka vya miiba na nyasi fupi za grama. Ukipanda unaingia katika misunobari ya ponderosa, na kilele cha juu kabisa, Whitewater Baldy, kina mita 3,321. Katikati ya hayo mto umekata makorongo ya mwamba wa volkano yenye kuta ndefu zilizosimama wima, na njia hukosa pa kupita isipokuwa ndani ya mto wenyewe, ukivuka ng'ambo hii na kurudi ng'ambo ile kwa kila kona. Siku ya kwanza nilihesabu mivuko hadi ishirini, kisha nikaacha.

Sasa hesabu iliyonifunza zaidi ya ushauri wote niliopewa. Tulikuwa watu watatu juu ya farasi watatu, na baghala wawili wa mizigo. (Nasema baghala, yule mzaliwa wa punda na farasi, kwa makusudi. Wengine humwita nyumbu, lakini msomaji wa Tanzania akisikia nyumbu moja kwa moja anamwona yule wa Serengeti, na huyo hatandikiki.) Mnyama wa kilo 450 anahitaji chakula kikavu cha takriban asilimia mbili ya uzito wake kwa siku, yaani kilo tisa. Wanyama watano ni kilo 45 kwa siku, na kwa siku tano ni kilo 225. Baghala mmoja, kwa njia za mawe na kupanda, hubeba mzigo wa kilo 65 hivi bila kuumizwa, na wawili wanabeba 130. Hata kama tungeacha hema, sufuria, mablanketi na unga nyumbani, tukajaza chakula cha wanyama peke yake, kingeisha kabla ya siku ya tatu kumalizika. Ukiongeza baghala wa tatu, naye ana tumbo.

Kwa sababu hiyo safari haipangwi kwa kutazama mandhari au idadi ya kilomita. Mzee huketi na ramani wiki mbili kabla, akauliza swali moja tu kwa kila mahali: je, hapa kuna nyasi na maji kwa pamoja, na je, wapo wengine waliopita karibuni wakazimaliza? Penye nyasi bila maji tunapita. Penye maji bila nyasi tunanywesha na kuendelea. Farasi hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na zaidi kukiwa na joto, kwa hiyo wazo la kumbebea maji halina maana yoyote. Tulichobeba ni vidonge vya majani yaliyosagwa na kushindiliwa, kilo mbili kwa mnyama kila jioni, navyo huanza kupewa nyumbani siku kadhaa kabla ya safari, kidogo kidogo, kwa kuwa tumbo la farasi halipendi mabadiliko ya ghafla, na msokoto wa tumbo ukimpata mwendo wa siku mbili kutoka barabarani hakuna daktari atakayewahi kufika. Vidonge vina faida nyingine: havina mbegu hai. Katika misitu mingi ya taifa ya magharibi mwa Marekani ni marufuku kuingiza nyasi kavu zisizothibitishwa kuwa hazina mbegu za magugu.

Kufika kwenyewe ni kazi. Kutoka mji wa Silver City, barabara namba 15 ina kilomita 70 hivi, lakini kwa kona zake huchukua saa mbili, na wenye tela iliyozidi mita sita hushauriwa kuzunguka kwa barabara namba 35 ya bonde la Mimbres. Tuliegesha TJ Corral, penye mazizi ya farasi, tukatandika, tukateremka kwa korongo la Little Bear hadi mkono wa kati wa mto Gila.

Karibu na maegesho hayo kuna nyumba ambazo watu wa Mogollon walizijenga ndani ya mapango ya genge miaka ya 1270 na 1280, na ambazo Rais Theodore Roosevelt alizitangaza kuwa hifadhi ya kumbukumbu ya taifa mwaka 1907. Nazitaja kwa sababu ya jambo lililotokea jioni ile ile. Tulifika mahali ambapo mto unapinda na kuacha ufuko wa mchanga safi, tambarare, laini, wenye kuni zilizokwisha kukauka. Nilishuka na kuanza kulegeza mshipi wa tandiko. Mzee hakushuka. Alinyoosha mkono kuonyesha matawi ya mti juu yangu, ambako kulikuwa na vijiti, majani na kipande cha gogo vilivyokwama, juu zaidi ya kichwa chake akiwa amekaa juu ya farasi. Kisha akaniuliza kama nilikumbuka wale watu wa kale walijenga wapi.

Tukapanda kwenye ardhi iliyoinuka, mita sabini kutoka mtoni, penye mawe na mwinamo kidogo, tukalala vibaya. Usiku ule haukunyesha hata tone. Asubuhi mchanga ule ulikuwa pale pale, mkavu na mzuri, na mpwa wake akautazama kwa muda mrefu bila kusema kitu. Mzee hakujitetea.

Siku iliyofuata, saa tano asubuhi, juu yetu mbingu zikiwa buluu kabisa, maji ya mto yalianza kubadilika rangi hadi yakawa kama chai ya maziwa. Baada ya robo saa yalikuwa yamefika tumboni mwa farasi mahali ambapo kabla yake yalifika kifundoni, yakibeba magome na matawi. Mvua ilikuwa imenyesha mahali pengine, juu milimani, ambako hatukuona hata wingu. Tukakaa kwenye kingo ya juu hadi alasiri, na wanyama wakala nyasi kwa utulivu kuliko sisi.

Niongeze tu kwamba misimu huko haifanani na yetu. Machi hadi Juni ni upepo, ukavu na moto. Julai hadi katikati ya Septemba ni mvua za radi za mchana. Moto wa mwaka 2012, ule wa Whitewater-Baldy, uliunguza karibu hekta 120,000, na wa mwaka 2022 ulizidi hapo. Mlima ulioungua haunyonyi maji, kwa hiyo mvua ndogo hushuka yote kwa pamoja, na miti iliyokufa ikiwa imesimama huanguka kwa upepo wa kawaida tu. Kabla ya kufunga farasi tunatazama juu.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Kwato Ngumu (Nanyuki)

Shukrani kwa uzi wenye nyama. Nimefanya kazi ya kuongoza wageni kwa farasi upande wa Laikipia kwa misimu kadhaa, na hesabu yako ya chakula ni sahihi, ingawa huku gari la kambi hutangulia na nyasi kavu, jambo ambalo kwenu haliruhusiwi. Ninalotaka kuelewa ni usiku. Huku hatuwezi kuacha farasi bila mlinzi na moto kwa sababu ya simba na fisi. Ninyi mliwafungaje, na mliwalinda dhidi ya nini? Halafu, je, si kweli kwamba farasi akifungwa usiku kucha hapati muda wa kula, naye ni mnyama anayepaswa kula karibu saa zote?

Mtandika Baghala

Mkuu Kwato Ngumu, swali lako la pili ndilo gumu, nami nitaanza nalo. Tukifika kambini wanyama hunyweshwa, hutolewa matandiko, kisha huachwa wale kwa saa mbili au tatu kabla ya giza, na tena kuanzia alfajiri. Farasi wawili huvishwa pingu za ngozi miguu ya mbele ili wasiende mbali, na farasi jike mzee, ambaye wengine wote humfuata, huvishwa kengele. Baghala hawafungwi kabisa wakati huo, kwa kuwa hawawezi kuachana na jike yule hata ukiwalipa. Hata hivyo hatulali wote, lazima mtu mmoja awe macho, maana farasi mwenye pingu hujifunza kuruka kama sungura, na nimeshuhudia mmoja akifika nusu kilomita kwa mtindo huo.

Giza likiingia tunawapeleka kwenye kamba ya juu. Kamba hiyo hufungwa kati ya miti miwili mikubwa, juu kuliko mgongo wa mnyama, kimo cha mita mbili au zaidi, ikizungushiwa miti kwa mikanda mipana ili isichubue magome. Kila mnyama hufungwa kwake kwa kamba fupi, akiweza kushusha kichwa na kupumzika lakini asiweze kupitisha mguu juu ya kamba. Kumfunga farasi moja kwa moja kwenye shina ni kosa kubwa, kwani usiku mmoja unatosha kuchimba mizizi kwa kwato na kuua mti. Asubuhi tunatawanya mavi na kusawazisha ardhi.

Kuhusu wanyama wakali, wapo dubu weusi, simba wa milimani wasio na manyoya ya shingoni, na mbwamwitu wa Meksiko waliorudishwa katika milima ya eneo hilo mwaka 1998. Hatukuwasha moto wa kuwafukuza, ila chakula chetu tulikitundika mbali na tulipolala. Nyoka wenye njuga wananisumbua zaidi akilini. Lakini ukiniuliza kilichotutia hasara kwa hakika, ni jiwe. Siku ya tatu farasi wangu aliacha kiatu cha chuma ndani ya mto, na bila kile kiatu cha mpira cha akiba alichokuwa nacho mzee ningetembea kwa miguu kilomita kumi na tano.

Bint Wadi (Muscat)

Ndugu yangu, nimesoma habari ya yale maji yenye rangi ya chai nikajikuta nimeshika kifua. Sisi tuliokulia Zanzibar na kurudi huku tulifikiri mvua ni neema ya hapo hapo inaponyesha. Oman ilitufunza vingine. Wadi, yaani bonde la mto wa msimu, inaweza kuwa kavu, watoto wanacheza, jua linawaka, na maji yakaja kutoka milimani ambako wewe hujui kuna nini. Aprili 2024 wanafunzi walipoteza maisha Samad al Shan kwa mafuriko ya namna hiyo, na sheria ya barabarani huku inamwadhibu dereva anayevuka wadi inayotiririka kwa makusudi. Ninaomba ufafanuzi wa jambo moja: mlijuaje kwamba maji yameanza kupungua? Maana huku wengi hupona wimbi la kwanza wakaangamia kwa la pili, wakidhani mambo yamekwisha.

Mwana wa Shela (Lamu)

Mimi naja na la punda. Umetaja kilo 65 kwa baghala, lakini hukutueleza mzigo unafungwaje, nasi watu wa visiwani tunajua kwamba kinachomuumiza mnyama si uzito peke yake. Shogi, yaani mfuko wa pande mbili wa kumpakia punda mizigo, likiwa zito upande mmoja, punda atatoka kidonda cha mgongo kabla hajamaliza safari ya pili kutoka gatini, na kidonda cha mgongo hakiponi ukiendelea kumpakia. Huko mnatumia nini badala ya shogi?

Mtandika Baghala

Ndugu Mwana wa Shela, umenigusa penye aibu yangu. Chombo chao ni ndugu wa shogi letu: masanduku mawili au mifuko miwili migumu, inayoning'inia kwenye tandiko la mbao lenye vipembe viwili vilivyopishana, chini yake blanketi nene lililokunjwa bila mkunyato. Mzee ana mizani ya ndoano ya kupimia samaki, na kila asubuhi kila sanduku hupimwa. Safari yangu ya kwanza niliona upimaji huo kuwa ushamba, nikaongeza chungu cha chuma upande wa kushoto bila kumwambia. Kufikia mchana tandiko lilikuwa limepinda, na baghala alikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai la kuku karibu na uti wa mgongo. Alitembea mtupu siku zote zilizobaki. Mzigo wake tuliugawa, na sehemu kubwa niliibeba mimi mgongoni, bila mtu kuniambia nifanye hivyo.

Jambo la pili ambalo watu wa Lamu mtalielewa ni sauti. Kitu kinachogongana ndani ya sanduku humtia mnyama wasiwasi kila hatua. Vikombe hufungwa ndani ya nguo.

Mpenda Miguu (Arusha)

Sina nia ya kuharibu uzi, lakini nashindwa kuona mantiki. Mnaingiza wanyama watano wenye kula kilo 45 za nyasi kwa siku katika pori lililotengwa lisiguswe, wanakanyaga kingo za mto, wanachafua maji, kisha mnasema mnalipenda. Mtu mwenye begi la kilo kumi na tano angefika huko huko akaacha alama za viatu tu. Kwetu mlimani wapagazi hubeba kila kitu, na hakuna anayehitaji farasi.

Mtandika Baghala

Ndugu Mpenda Miguu, madhara uliyoyataja ni ya kweli, nami sitayapunguza. Nimeona kambi za watu wengine ambako miti ilikuwa imeguguniwa na ardhi imekuwa vumbi tupu. Ndiyo sababu ya kutokaa mahali pamoja zaidi ya usiku mmoja au miwili, kunywesha kwenye kingo ya mawe badala ya matope, na kuweka wanyama mbali na maji usiku, si chini ya mita 60.

Hata hivyo kuna mambo mawili yanayonifanya nisikubaliane nawe moja kwa moja. Kwanza, njia unazotaka kupita na begi lako zinafunguliwa na wafanyakazi ambao misumeno yao, chakula chao na zana zao hubebwa na baghala, kwa kuwa hakuna gari linaloruhusiwa. Pili, mzee wangu ana magoti mabovu, na bila farasi asingeliona korongo hilo tena. Hoja ya pili si ya kisayansi, lakini ninaitoa. Kuhusu wapagazi wa mlimani kwenu, sidhani kwamba kumpakia binadamu ni jibu lenye heshima zaidi kuliko kumpakia baghala, ingawa huo ni mjadala wa uzi mwingine.

Kwato Ngumu (Nanyuki)

Naunga mkono hilo la mwisho, na nina swali fupi. Huku tunachanja farasi dhidi ya ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, na kwenye maeneo yenye mbung'o hatuwapeleki kabisa. Kwenu mnahofia maradhi gani, na mimea yenye sumu je?

Mtandika Baghala

Mkuu, mbung'o hakuna, na nadhani Mmarekani mwenye farasi hajui bahati aliyo nayo. Ukivuka mpaka wa jimbo na farasi huulizwa cheti cha daktari wa mifugo na majibu ya kipimo cha damu cha ule upungufu wa damu wa kuambukiza, ambao hauna tiba. Mimea ndiyo hatari ya kila siku. Upo mmoja wa jamii ya kunde, wenye maua ya zambarau au meupe, ambao wafugaji huuita loco, neno la Kihispania lenye maana ya kichaa. Farasi akiula kwa majuma huharibika neva, huanza kujikwaa na kushtuka bila sababu, na kibaya zaidi akiuzoea huutafuta. Kwa safari ya siku tano, penye nyasi za kutosha, hatari ni ndogo, ila mzee hupita malishoni kwa miguu kabla ya kufungua mnyama yeyote.

Na watu wenyewe wajihadhari na chemchemi za moto zilizoko kando ya mto, ambazo kila mgeni huzikimbilia. Tuliingia, lakini tukaweka vichwa nje ya maji, kwa sababu katika maji ya moto ya namna hiyo anaweza kuwamo amiba anayepita puani na kuingia ubongoni.

Dada Bint Wadi, nisamehe kwa kuchelewesha jibu lako. Hatukutegemea macho, kwa kuwa maji yanayokwenda kasi hudanganya. Mpwa wa mzee alichomeka kijiti ukingoni pale maji yalipogusa, na kila nusu saa akachomeka kingine. Vijiti vinne vya kwanza vilipanda kuelekea kwetu. Cha tano na cha sita vilikaa pamoja, nami nikasimama nikidhani tunaondoka, lakini cha saba kilipanda tena, kama ulivyosema kuhusu wimbi la pili. Mzee alikataa kutandika hadi viwe vijiti vitatu mfululizo vimeshuka, na maji yaanze kuonyesha mawe ya chini. Ilikuwa saa kumi alasiri tulipovuka, yeye mbele juu ya jike lenye kengele, baghala nyuma yake bila kuvutwa na mtu, nami wa mwisho nikiwa nimetoa miguu yangu kwenye rikabu kama alivyoniagiza, ili farasi akianguka nisiburutwe naye.